Maneno ya Hawaii barazani kwetu

Binamu yangu alirudi Kibokoni kutoka Hawaii, alikokuwa akifanya kazi hotelini, na kila alasiri alikaa barazani kwetu akitumwagia maneno ya mtaani ya huko. Chakula kikiwa kitamu, ono. Kitu kikimalizika, pau. Mama alipomletea kahawa na kashata alimwita lolo, akatwambia maana yake ni kipenzi. Maskini mama akawatambia majirani wote kwamba yeye ndiye lolo.

Mimi nikalitafuta neno kwenye simu. Lolo ni mpumbavu. Nikanyamaza, maana nilijua anachokitaka nyumbani kwetu, na nilitaka kwanza akiombe mbele ya watu.

Alipoleta posa yangu, nikamwonyesha mama ile simu. Siku ya jibu wazee wake wakakaribishwa ndani, naye akangoja barazani na majirani wale wale. Mama akamtolea kahawa kwa mkono wake. Nilisimama nyuma ya mlango nisikose hata neno.

"Ono?"

"Ono sana, shangazi."

"Basi malizia, mwanangu. Posa yako pau."