Komba Waliolalia Mbegu Dohanini

Nyumba yetu ya Ruaruke ilikuwa na dohani. Ninalisema hili mapema kwa sababu wajukuu zangu wakisikia hucheka, wanadhani nimechanganya na nyumba ya Mdachi. Sijachanganya kitu. Baba yangu alikuwa fundi wa kukandika udongo, na kabla ya vita vya Maji Maji alipata kibarua kwenye nyumba ya mlowezi wa pamba. Huko akaona moshi unavyopandishwa ndani ya matofali mpaka nje ya paa. Aliporudi akatujengea ya kwetu, ya fito na udongo, pana kama pipa, kuanzia juu ya mafiga mpaka ikatokeza juu ya makuti. Majirani walikuja kuitazama. Wakasema nyumba imeota pua.

Bibi yangu, mama yake baba, hakuipenda. "Moshi wa nyumba za watu unakaa darini, unakausha mbegu, unaua fukusi," alimwambia baba. "Wako unaukimbiza uende wapi?"

Baba hakubishana. Alipitisha mti katikati ya dohani, akaning'iniza humo kanda la ukindu lenye mbegu za mpunga, likawa linavuta moshi mchana kutwa. Bibi akanyamaza. Kwake yeye kunyamaza ndiyo sifa, na mimi nimerithi.

Vita vilipofika kwetu, baba alichukuliwa kubeba mizigo ya askari. Sisi wanawake tukakimbilia mikokoni, tukaishi kwa kaa, mpaka leo kaa simli. Tuliporudi, ghala zote za kijiji zilikuwa majivu, na nyumba nyingi pia. Yetu imesimama. Watu walisema askari walipoiona ile dohani walidhani ni nyumba ya mtu wa Serikali, wakapita mbali. Kama ni kweli sijui, lakini habari ya pua haikusemwa tena.

Mpunga wa kula ulikwenda na ghala. Kilichobaki ni lile kanda moja la mbegu ndani ya dohani, na mvua za kupandia zilikuwa zinakaribia. Mama aliliweka wazi jambo hilo: "Kanda lile likiharibika, tutakula ming'oko ya porini mpaka mwakani, na ming'oko yenyewe kila mtu anaichimba."

Akainama juu ya mafiga atazame juu dohanini. Kitu cha kwanza kilichoshuka ni mkojo.

"Komba," mama akasema, akijifuta kipaji cha uso kwa upindo wa kaniki.

Moto ulikuwa haujawashwa siku zote tulizokuwa mikokoni, na komba wakaona pametengenezwa kwa ajili yao. Walikuwa watatu wakubwa, mmoja ana watoto, na kitanda chao ni kanda letu. Walikuwa wamerundika majani juu ya mbegu, wamejikunja, mikia imefunika pua. Kuwasha moto hakuwezekani, maana wangetapatapa, na kamba ya kanda ilikuwa imekwisha kuliwa nusu. Likianguka, linaangukia motoni. Mama alijaribu fimbo mara moja. Komba mmoja akalia kama mtoto anayeachishwa ziwa, mwingine akaishika fimbo, kanda likayumba. Mama akaiacha fimbo huko huko.

Jirani yetu mmoja alikuwa mgema, Mmatumbi, mtani wetu. Alisikia vilio, akaja kusimama mlangoni.

"Ninyi Wandengereko mnamtoa komba kwa fimbo?" akasema. "Komba hatolewi. Anakaribishwa."

Hakuna aliyemuuliza anakaribishwa kwa kitu gani. Anayejua komba anajua ulevi wake.

"Tembo haliingii kwenye nyumba ninayosalia," bibi akasema.

"Sawa, mama mkubwa. Naomba kuuliza. Dohani ni ndani au nje?"

Bibi alifikiri kweli kweli. "Chini ni ndani."

"Na juu?"

"Juu kunanyeshewa mvua. Panaponyeshewa ni nje."

"Basi tembo litakaa panaponyeshewa."

"Na tone likidondokea mbegu?"

"Nitalinywa kabla halijafika."

"Hilo nakuamini," bibi akasema.

Jua lilipozama mgema akapanda paani na kibuyu chake, akafunga kifuu cha nazi nje ya mdomo wa dohani, akamimina. Bibi alisimama chini, tasbihi mkononi, kumsimamia.

"Umejaza mno."

"Wako wengi."

"Mbona sasa unapunguza?"

"Naonja. Likiwa chungu wageni watanuna."

Asubuhi, tulipotoka kusali, tuliwakuta. Mmoja amelala chali juu ya makuti, mdomo wazi. Wa pili amekumbatia kifuu. Yule mwenye watoto ameng'ang'ania ukingo wa dohani, kichwa kinaning'inia. Mgema aliwaokota kama anavuna papai, akawatia kwenye tenga. Mmoja alimshika kidole gumba na hakumwachia.

Watoto wake walikuwa bado ndani, juu ya kanda. Mabega yangu ya kitoto ndiyo yaliyoenea dohanini, basi nikaingizwa mimi. Nilikanyaga mafiga, nikaona duara la mbingu juu na macho manne makubwa yananitazama. Nilifungua kamba, nikalipokea kanda kichwani, nikashuka polepole nao wamekaa juu yangu kama mabibi harusi. Mama akawafunika kwa kaniki na kuwarudisha kwa mama yao.

"Huyu mnene angefaa kwenye chungu," mgema akasema.

"Anayenyonyesha haliwi hapa," bibi akasema. "Wapeleke kwenye minazi yako."

Akawapeleka, akicheka.

Mama akamwaga mbegu juu ya jamvi. Za juu zilikuwa zimeshikana kwa mkojo, akazitupa. Za katikati zilikuwa na fukusi. Za chini alizipepeta, akaziangalia. Akachukua konzi moja, akaifunga kwenye jani la mgomba lililoloa, akaliweka kwenye mchanga chini ya mtungi. Hiyo ndiyo njia yetu ya kuziuliza mbegu kama ziko hai. Siku zile kila aliyekwenda kunywa maji alilitazama lile jani, na bibi aliona kiu kuliko wote.

Mama alipolifungua, mbegu zilikuwa zimetoa ncha nyeupe. Si zote. Zilitosha. Siku hiyo hiyo akawasha moto, zilizobaki zikapandishwa dohanini kungoja mvua.

Mgema akaanza kuja kulalamika. Kila asubuhi vibuyu vyake viko nusu, na komba wamelala chini ya minazi.

"Mmenipa wakwe," akasema.

"Nani aliyewafundisha kunywa kwenye kifuu?" bibi akamuuliza.

Baba alirudi mpunga unachanua, amekonda, bega limechubuka. Kabla hajakaa alitazama juu ya paa.

Tulipopika wali mpya, bibi alionja, akasema unanuka moshi, akaongezewa. Kisha akanipa sahani, imefunikwa kawa, nimpelekee mgema. Nikauliza kama na komba wapelekewe.

"Wale wana chakula chao," akasema. "Nenda, wali usipoe."