Siku Tatu za Fundi Makufuli

Kaka yangu ni fundi makufuli. Mimi nauza mapya kwenye kibanda hichohicho, kwa hiyo kutwa tunagombania wateja. Watu humwachia funguo za nyumba zao bila wasiwasi, maana hajawahi kuchukua hata kijiko cha mtu. Bangi anavuta, na hilo nalo wanalijua.

Mwezi uliopita mke wake alifungasha akaenda kwa mama yake, kisha akanipigia simu. "Wifi, mimi sigombani na mtu. Nataka kujua kitu kimoja tu: anavuta kwa starehe, au keshakuwa mraibu? Kama ni starehe, Jumapili narudi. Kama ni uraibu, atibiwe kwanza."

Swali lile likanikaa kichwani, na mimi kwa udadisi sijambo. Nikamuuliza fundi viatu jirani yetu, akasema mraibu ni yule anayeiba. Muuza magazeti akasema ni yule asiyeoga. Kaka anaoga mara mbili kwa siku! Mwishowe nikamuuliza muuguzi mmoja, mteja wangu, akacheka.

"Usihesabu anavuta mara ngapi," akasema. "Mwangalie akiikosa anakuwaje."

Nikamweleza kaka yote, bila kuficha. Wala hakukasirika.

"Mimi teja? Lete sanduku!"

Akaitia bangi yake yote humo. Nikalifunga kwa kufuli gumu kuliko yote niliyonayo, ufunguo nikautia mfukoni, tukapatana lisiguswe mpaka Jumapili.

Kuanzia Jumatatu nilikuwa nashinda kwa wauzaji wa jumla, kibandani napita jioni tu. Kila nikipita namkuta kaka ameinamia meza, anapiga mluzi, mchangamfu kweli. Nikaanza kumwandalia wifi habari njema.

Jumatano jioni akanipokea kwa kelele.

"Dada, nimelifungua!"

"Nini?"

"Kufuli lako! Si ulisema halifunguki bila ufunguo? Waya mtupu, na halina hata mkwaruzo!"

Nikafunua sanduku. Bangi ilikuwemo yote.

"Unaona? Sijaigusa," akasema, kifua mbele.

"Ulianza lini kulifungua?"

"Jumatatu asubuhi."

Nikageukia rafu ya kazi za wateja. Makufuli kumi na moja, kila moja na karatasi yenye jina la mwenyewe, yalikuwa vilevile nilivyoyaacha, hakuna hata moja lililoguswa siku zote tatu. La kwanza lilikuwa la mjane wa nyumba ya pili, ambaye wiki nzima alikuwa anafunga mlango wake kwa kamba. Kaka akafuata macho yangu, akayapitia kwa kidole moja baada ya jingine, na kicheko kikamwisha. Roho iliniuma sana, maana dakika moja nyuma alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda.

Akalirudisha kufuli kwenye sanduku, akalibana.

"Mpigie wifi yako," akasema. "Mwambie Jumapili asije kwanza."