Diski Aliyoihamisha Marietha

Kwa miaka kumi na moja Marietha Nathanaeli, mzaliwa wa Kinyangiri, alikuwa fundi pekee wa kompyuta katika hospitali moja ndogo ya misheni ambayo jina lake halitatusaidia kitu. Wagonjwa walimwita nesi, naye alishachoka kuwasahihisha. Kazi yake haikuonekana mpaka iharibike, na miaka yote hiyo ilikuwa haijaharibika. Hilo lilimpa kiburi kidogo. Tumsamehe.

Kumbukumbu za wagonjwa zilikaa kwenye kabati la chuma lililojaa diski, katika chumba cha nyuma ya maabara. Kompyuta yenyewe ya kumbukumbu haikuwa chuma. Ilikuwa faili moja kubwa mno, diski pepe kama mafundi wanavyoiita, ambayo unaweza kuitoa kabati hili ukaiweka lile nayo ikaendelea na kazi. Mwezi Machi kabati lilianza kufa. Taa mbili ziliwaka nyekundu, ya tatu ikaanza kukonyeza. Jipya likaletwa kutoka Singida Mjini, na walioleta wakasema wangerudi na lori Jumamosi saa kumi jioni kulichukua la zamani, likiwa limefutwa kabisa, maana siri za wagonjwa hazipakiwi kwenye lori.

Jumamosi alfajiri Marietha akaanza kuhamisha. Saa saba mchana diski ilikuwa imefika kabati jipya, akaiwasha, ikawaka. Akawaita wakuu wa idara, kila mmoja atafute mgonjwa anayemfahamu.

Hapo ndipo adabu yetu ilipotuponza. Mzee Laurenti wa masjala alimtafuta mchungaji mstaafu. Daktari Melkiori, mkuu wa hospitali, alimtafuta mwenyekiti wa bodi. Hata Sista Dorika, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, alimtafuta mama mkwe wake. Wazee wote walikuwemo, na presha zao na sukari zao. Nani angeanza na mtoto mchanga wakati wakubwa hawajatajwa?

Marietha akamtafuta baba yake. Alikuwemo, ila hudhurio lake la mwisho lilikuwa Aprili ya mwaka juzi, na Krismasi iliyopita yeye mwenyewe alimleta akitetemeka kwa malaria. Akaisoma tarehe ile mara ya pili.

"Vipi?" aliuliza Daktari Melkiori. "Lori liko njiani."

"Nafikiri Krismasi hawakumwandika, daktari."

"Basi weka saini kwamba zote zimefika, tufute."

Akaweka. Hakuwa mjinga. Alikuwa amechoka, na aliona haya kuwasimamisha wakubwa wale kwa ajili ya tarehe moja. Akabonyeza kufuta. Nakala ya akiba ilikuwa humo humo kwenye kabati la zamani, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuiweka, nayo ikaenda. Saa kumi lori likaondoka.

Jumatatu asubuhi Mzee Laurenti alikuwa amesimama mlangoni kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti yangu, watoto hawamo."

"Watoto gani?"

"Wote waliozaliwa hii miaka miwili. Hakuna hata mmoja."

Marietha akakumbuka. Aprili ile ya mwaka juzi, kabla ya kubadilisha programu, aliifunga diski isiandikwe tena, ili akikosea aweze kurudi nyuma. Tangu siku ile kila kipya kilikuwa kikiingia kwenye faili la pembeni. Programu ilikubali, akafurahi, akasahau kuliunganisha faili lile na diski yake. Jumamosi alihamisha diski, akaliacha la pembeni. Miaka miwili ya hospitali aliifuta kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwisho wa wiki nani alikuwa anaandikisha?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Febronia, yule karani wa zamu. Mtoto akikosekana alimfungulia faili jipya. Si ndivyo tunavyofanya siku zote?"

Marietha akatoka mbio kwenda wodi ya watoto. Katika mafaili yaliyopotea, mtoto anayedhurika na dawa fulani aliandikwa kwa herufi nyekundu, nesi azione kabla ya kuvuta sindano. Mafaili mapya ya Febronia yalikuwa meupe tupu. Na watoto wengi huletwa na bibi zao, ambao hakuna aliyewaambia ni dawa zipi zinazowadhuru wajukuu.

"Sista, tangu Jumamosi mmechoma sindano watoto wangapi?"

"Kumi na wanne," alisema Dorika. "Watano wamelazwa, hawajambo. Tisa tumewapa dawa ya kuendelea nayo nyumbani. Kwani kuna nini?"

"Zile herufi nyekundu zimefutika. Nisomee majina ya hao tisa."

Dorika akafungua daftari la zamu, lenye majina na namba za simu za nyumbani, akasoma. Marietha alisikiliza akingoja jina moja limshtue, lakini yote yalikuwa majina tu ya watoto. Faili lililojua ni yupi kati yao asiyepaswa kupewa dawa aliyopewa lilikuwa limefutwa, na aliyelifuta ni yeye. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Nimpigie nani?" aliuliza Dorika, simu mkononi.

"Wote."

Simu ya kwanza iliita mpaka ikakatika.