Kisiki cha Kahawa

Kwa mama, moto haukuzimwa, ulilazwa. Jioni alisogeza kisiki kizito katikati ya mafiga, akakifunika majivu, na asubuhi akafukua makaa, akapuliza, chai ikaiva kabla hatujakumbuka kiberiti kiko wapi. Mimi nilimnunulia jiko la gesi. Alilitandikia kitambaa cha kufuma, akapanga juu yake vikombe vya wageni.

Kifua kilipomzidi na gari la kumpeleka hospitali likaingia uani, alinishika mkono. Alikuwa akiniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nina jina la mamake.

"Maitu, moto usizime mpaka nirudi."

Nilitaka kumwambia gesi ipo.

Jioni hiyo nililaza gogo la mparachichi kwa kuwa lilikuwa nene. Asubuhi nikakuta majivu na kaa dogo kama punje ya hindi. Nililiwekea magunzi, nikapuliza mpaka kamasi zikanitoka. Nilipompigia simu alicheka, akakohoa.

"Hiyo avokado ni unene tu! Chukua kahawa. Igonge kwanza, ikilia ngo imekauka. Na usipasue."

Visiki vya kahawa vilikuwa nyuma ya jikoni. Kaka yangu aliing'oa mikahawa apande muguka, ile miraa ya majani, na mama akamnunia msimu mzima, kisha akavikusanya mwenyewe. Nilivigonga kimoja kimoja kama mwendawazimu. Nikachagua kilicholia vizuri, nikakwangua udongo kwenye mizizi kwa panga, nikakilaza shina likielekea motoni. Kulipokucha kilikuwa chekundu ndani. Nilijivuna, sitaki kudanganya.

Tangu hapo simu zetu zilikuwa na salamu moja.

"Umelala vizuri?"

"Umelala, na umeamka."

Hakuwa akiniulizia mimi, na sikukasirika. Sauti yake ilizidi kupungua, nami nikazidi kuchagua visiki vikubwa, kana kwamba ugonjwa ungeona haya.

Kisha asubuhi moja simu yake ikapokelewa na kaka. Nikamsikia analia tu. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya makaa mazuri kuliko yote niliyowahi kulaza. Niliyachukia. Nilitamani kuyamwagia maji.

Alasiri majirani walikuwa wamejaa uani. Shangazi aliingia jikoni na sepetu.

"Moto iko?"

"Upo."

Akayachota makaa, akayapeleka nje, mahali wanaume walipopanga magogo ya moto wa matanga, ule wa kukesha hadi siku ya mazishi. Akarudi kuniuliza ni kuni gani zitaweza kukesha.

"Kahawa," nikasema. "Waambie waigonge kwanza."

Mama alirudi siku ya kuzikwa. Moto ulikuwa haujazima.