Talaka Niliyoitunga Mwenyewe

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili hapa mtaa wa Sarang'ombe, na huruma yangu haina breki. Shule zilipofunguliwa baada ya zile fujo za uchaguzi, mwanafunzi wangu Mwende aliniambia, "Ticha, baba siku hizi analala mtaa wa Kongo, kule Kawangware. Mama alimwambia asithubutu kurudi."

Nikajua wameachana! Nikaandika hadithi ya kifaranga mwenye nyumba mbili, ya mama na ya baba, nikaisomea darasa huku nimemkumbatia Mwende. Tukalia wote, mimi nikiongoza.

Wiki iliyofuata barabara nazo zikatulia kabisa. Wazazi wake wakaja kumchukua, wameshikana mikono, wanacheka.

Mwende akaruka. "Mmerudiana?"

"Kwani tuliachana lini?" mama akashangaa. "Si nilimwambia tu angoje huko mpaka waandamanaji waache kurusha mawe njiani?"

Darasa zima likaninyooshea kidole.