Zahanati ya Itundilo na Paa Lake la Nyasi

Mimi nikikasirika hupayuka, na wateja wote dukani hujua kilichonikera. Rafiki yangu Bundala akikasirika huchukua magome ya mti wa myombo, akakaa kwenye kigoda na kusokota kamba. Mwaka juzi alisokota kamba za kutosha kufunga ng'ombe wote wa Igunga. Nitaeleza sababu, ingawa najua nikianza tu nitapayuka tena.

Kijiji chetu cha Itundilo kiko magharibi ya Tabora mjini, kwenye njia ya zamani ya misafara iliyokuwa ikienda Ujiji. Babu wa babu yangu alipita hapa na vitambaa na shanga, akaonja asali, akasahau safari. Babu wa babu yake Bundala alikuwa mpagazi kwenye njia hiyo hiyo. Ndiyo maana yeye huniita Mwarabu wa sukari, nami humwita mpagazi mstaafu, na watu wameshatuchoka.

Bundala ni mrina asali na mkulima wa tumbaku. Mkewe alifia njiani na uchungu wa uzazi, amekalishwa kwenye baiskeli, hospitali ikiwa bado mbali. Alimwachia binti mmoja, Julieth. Kwa hiyo kijiji kilipoamua kujenga zahanati, hakuna aliyeuliza nani awe mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Julieth alikuwa amechumbiwa wakati huo, na Bundala alisema mbele ya mkutano wote, bila aibu: "Nataka mjukuu wangu azaliwe hapa hapa. Sitaki mengine."

Utaratibu unajulikana. Wananchi mnafyatua tofali, mnachoma, mnainua kuta mpaka kwenye renta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Mkifika hapo mnaliita boma, mnakaa pembeni kusubiri halmashauri ilete bati, sakafu, milango na mganga. Sisi tulifika kwenye renta. Mwaka wa kwanza tukaambiwa ukomo wa bajeti umegota. Mwaka wa pili tukaambiwa tumo, kisha tukaambiwa tulikuwemo. Halmashauri yenyewe sitaitaja, maana leseni ya duka langu inatoka kwao na mimi si mjinga kiasi hicho.

Shida ni kwamba kuta zetu zilijengwa kwa udongo, saruji tuliibakiza kwa ajili ya renta. Mvua za mwaka ule wa pili zilianza kula pembe za chumba cha kujifungulia. Bundala alikwenda kuziangalia kila asubuhi kama mtu mwenye mgonjwa ndani. Mwaka wa tatu, mawingu yalipoanza kujikusanya, akasema hawezi kuona jasho la watu likirudi kuwa tope. Akatuita. Wanaume wakakata fito, wanawake wakaleta nyasi, yeye akaleta zile kamba zake za magome anazofungia mizinga. Kwa siku chache tukaliezeka boma zima. Likapendeza sana, lazima niseme. Hakuna hata mmoja kati yetu, si mtendaji wa kijiji wala diwani, aliyefikiri kwamba tunafanya kosa.

Mvua zikiwa zimekolea, wakaja wakaguzi kutoka idara ya mipango. Nasema wakaja, lakini gari halikutoka barabarani kwa sababu ya tope. Kioo kilishushwa, mkono ukatoka na simu, picha ikapigwa, kioo kikapandishwa. Nilikuwa barazani kwangu na birika la kahawa tayari. Nikawapungia. Na wao wakanipungia.

Mwezi wa pili Bundala alikwenda kwenye baraza la madiwani la kupitisha bajeti, na mimi nikamsindikiza. Julieth alikuwa ameshaolewa na kijana wa kitongoji cha jirani, na Bundala alikuwa na hesabu yake kichwani: fedha zikitoka Julai, bati zitapanda Agosti, na kabla ya mvua mganga atakuwa ameshafika. Tukakaa viti vya nyuma vya wananchi. Maboma yakasomwa, kata moja baada ya nyingine. Itundilo haikusomwa.

Diwani wetu, Mheshimiwa Luhende, akasimama kuuliza. Afisa mipango aliyejibu ni kijana mmoja, Erasmus, mwenye sauti ya upole kabisa, na upole huo ndio ulionichoma zaidi. Akasema fungu la mwaka huu ni la maboma ambayo hayajaezekwa. Itundilo imeshaezekwa, hongereni wananchi wa Itundilo kwa kujitoa, sasa inasubiri watumishi na vifaa, na hayo yatategemea vibali. Madiwani wakatupigia makofi. Bundala akanyoosha mkono. Mgambo akaja kumnong'oneza kwamba wananchi wanasikiliza tu, hawachangii.

Tulimngoja Erasmus nje, karibu na magari.

"Mwanangu, shikamoo hukunipa, na mimi siidai leo," Bundala akamwambia. "Lile paa ni nyasi. Nyasi! Sakafu hakuna. Milango hakuna. Mganga gani atakaa pale?"

Kijana akaona haya. "Shikamoo, mzee. Nisamehe. Nakuelewa. Lakini kwenye mfumo hakuna nyasi. Kuna limeezekwa na halijaezekwa. Na lile limeezekwa."

"Badilisha basi."

"Mfumo umeshafungwa, mzee. Labda mwakani. Wakija kukagua wakute halina paa, litarudi kwenye orodha."

Hapo mimi nikapayuka. Nilisema mambo ambayo marehemu mama yangu asingependa kuyasikia. Bundala, njia nzima ya kurudi, alikuwa akikunja na kukunjua vidole vyake.

Alisokota kamba masika yote. Kisha kiangazi kikaingia, Julieth akaja kumwambia baba yake kwamba ni mjamzito. Kesho yake Bundala akapanda juu ya boma na panga, akaanza kukata kamba zake mwenyewe. Kijiji kikagawanyika. Magreth, katibu wa kamati, mwanamke asiyeogopa mtu, alisimama chini akamfokea: "We mzee, mvua zikija zikabomoa kuta, utawaonyesha nini hao wakaguzi? Mashimo?" Bundala akajibu kwamba kuta zikibomoka zitajengwa tena, lakini paa hilo likibaki hatutapata bati mpaka tufe. Magreth akanuna. Baadaye kidogo akafunga kanga kiunoni na kuanza kuzoa nyasi zilizoanguka. Mimi nilishika ngazi na moyo ulikuwa unaniuma, kwa sababu ilikuwa kazi nzuri na tulikuwa tunaiharibu kwa mikono yetu ili mtu asiyeshuka kwenye gari aone anachotaka kuona.

Safari hii wakaguzi walikuja mapema, barabara ikiwa kavu. Walishuka. Walizunguka ndani, wakasema kuta ni imara, wakanywa kahawa yangu. Erasmus alimpa Bundala shikamoo mbili.

Julieth alishikwa na uchungu mwezi wa kwanza, mvua ikinyesha tangu usiku. Mumewe alipata bodaboda, ikazama kwenye kijito kabla hata haijafika kwao. Akaja mbio kutuita. Tukachukua mti mrefu na blanketi, tukafunga machela kwa kamba za Bundala. Nilishika mbele na mumewe, nyuma wakashika baba mtu na kijana mmoja wa jirani. Siku hiyo hakuna aliyetaniana na mtu.

Njia ya kwenda lami inapita mbele ya boma. Tulipofika hapo Julieth alikuwa amechoka kupiga kelele. Akafumbua macho, akaona zile kuta alizochotea maji akiwa msichana, na nadhani kwa yale maumivu akasahau kwamba bado ni boma tu.

"Baba," akasema, "tumefika. Nishusheni hapa."

Mimi nilisimama. Namshukuru Mungu kwamba nilikuwa mbele na sikuuona uso wa Bundala. Nilisikia sauti yake tu. "Hapa hakuna kitu, mwanangu. Vumilia." Tukaendelea kutembea, na maji yalikuwa yanatiririka ndani ya kile chumba cha kujifungulia, tuliyasikia.

Tuliifikia lami, tukapata gari la mizigo. Hospitalini walimwokoa Julieth. Mtoto, wa kiume, alizaliwa hana uhai; walisema tumechelewa.

Bajeti ilisomwa mwezi uliofuata. Nilimsihi Bundala asiende, akasema yeye ni mwenyekiti wa kamati. Tukakaa viti vile vile vya nyuma. Zamu ya kata yetu ilipofika, afisa akasoma: ukamilishaji wa boma la zahanati, kijiji cha Itundilo. Mheshimiwa Luhende akaomba nafasi, akasema mwenyekiti wa kamati yumo ukumbini, mzee aliyepigania jambo hili, naomba asimame tumtambue. Ukumbi mzima ukageuka kututazama. Bundala akasimama. Makofi yakapigwa, mengi, ya kweli kabisa, hata Erasmus alipiga, na mimi nilitamani kuvunja kiti.

Hakuketi tena. Alichukua kofia yake akaelekea mlangoni, nami nikamfuata. Mgambo akamwambia kwa heshima kwamba kikao bado, mzee, kuna chakula.

"Nimeshasikia," Bundala akasema. "Naenda kwa Julieth."

Nje jua lilikuwa kali. Nilimuuliza atamwambia nini binti yake. Akavaa kofia yake.

"Nitamwambia wamekubali."