Nyekundu Mpaka Ndani

Siku yangu ya kwanza katika depo ya mitraille, yaani vyuma chakavu, pale juu ya soko la Kadutu, chef de dépôt, mkubwa wa depo, aliniangushia sarafu mbili za ng'ambo, zile watu wanarudi nazo mfukoni na hakuna duka linalozikubali. Zote nyekundu. Akauliza ipi ni shaba. Nikaokota iliyong'aa zaidi.

« Mutoto, weye utaoa bibi juu ya rouge à lèvres, rangi ya mudomo tu, » akasema. Wengine wakacheka, nami nikacheka nao. Nilikuwa na ndoto ya kufungua atelier, karakana yangu ya bangili; sikutaka kukasirika mapema.

Akazidondosha tena kwenye sementi. Moja ililia kama kengele ya misa. Yangu ikasema tak, ikanyamaza. Akaikwaruza pembeni kwa lime, ile tupa ya fundi, na chini ya wekundu kukatokea kweupe.

« Zinki. Waliipaka shaba sawa siagi ku mukate. »

Baadaye nikawekwa mlangoni kupokea wauzaji. Ninyi mnaoanza kazi hii leo, shikeni sheria ya mlango: kwaruza mbele ya mwenye kitu, asiseme umemwibia.

Asubuhi moja akaja maman mmoja kutoka Katana, mumewe amelazwa hospitali. Alivua bangili yake ya ndoa, na chini yake ngozi ilikuwa na alama ya kijani. Akaificha kwa kitenge.

« Unisamehe, papa, mukono iko muchafu. Kila juma naisugula na ndimu, lakini hii rangi inarudi. »

« Haiko uchafu, maman. Shaba ya kweli ndiyo inaachaka kijani. Zinki ya kupakwa haiachake kitu. »

Nikakwaruza: nyekundu mpaka ndani. Akaenda na pesa yake, mkono mtupu. Mimi nikabaki na maneno yangu mwenyewe, yananichoma.

Kwa sababu mama yangu naye ana bangili ya ndoa. Baba aliileta kutoka Shabunda, alikokuwa akichimba dhahabu. Akarudi huko, na shimo likamfunika. Mpaka leo mama hujisifu mbele ya wenzake wa parokia kwamba yake haijamchafua mkono hata siku moja, kwamba baba alimchagulia iliyo safi.

Kisha nikahamishiwa kwenye tanuru. Zinki iliyojificha ndani ya shaba ikipata moto hutoa moshi mweupe, na jioni unatetemeka kwa homa. Nilipomwambia chef wa tanuru, alijibu bila kugeuka: « Kunywa maziwa, itapita. » Wengine iliwapita. Mimi kikohozi kilibaki, nikastaafu kabla ya mvi, na zawadi ya kuagwa ikawa ile lime.

Juzi dawa yangu ya kikohozi iliisha, na pesa nazo. Mama akavua bangili, akaiweka kwenye sementi mbele yangu. Ilisema tak.

« Ikwaruze, mwana wangu, tuiuzishe. Weye ndiye unajua. Iko shaba? »

Lime ilikuwa mkononi. Nikautazama mkono wake, msafi kabisa.

« Iko nyekundu mpaka ndani, maman. Kitu sawa hii hatuuzishe. »

Nikamvisha. Kesho yake nikapanda Kadutu, nikauza lime.